Uliza Ujibiwe: Tunda, zao au faida? Neno karpos katika Agano Jipya

Toleo lililopita tuligusia kwa mistari miwili neno la Kigiriki karpos, ambalo Biblia zetu hulitafsiri zaidi kwa "tunda". Barua zimetufikia kutoka Gede, Watamu, Marafa na hata Lamu. Zilizofanana tumeziunganisha. Manukuu ni ya Union Version isipokuwa pale tulipotaja tafsiri nyingine.

Shikamooni. Nafundisha shule ya Jumapili. Wagalatia 5:22 katika Union Version ni "tunda la Roho", katika Habari Njema ni "matunda ya Roho". Mhubiri mmoja alituambia kwamba Kigiriki kimetumia umoja, kwa hiyo ni tunda moja lenye ladha tisa, na asemaye "matunda" amekosea. Watoto wakariri lipi?
*Mwalimu, Gede*

Marahaba, mwalimu. Kuhusu Kigiriki mhubiri alisema kweli. Paulo ameandika *ho de karpos tou pneumatos estin*: karpos iko katika umoja, na kitenzi *estin* nacho ni cha umoja. Hitimisho ndilo lililovuka mpaka. Karpos katika umoja mara nyingi haihesabu kitu kimoja. Hutumika kama "zao" katika kinywa cha mfanyabiashara wa hapa kwetu: akisema zao la korosho limeshuka bei, hakuna anayedhani inazungumzwa korosho moja.

Ushahidi umo ndani ya Agano Jipya lenyewe. Yohana Mbatizaji anawaambia watu wazae matunda yapasayo toba. Mathayo 3:8 imeandika *karpon*, umoja. Luka 3:8 imeandika *karpous*, wingi. Msemaji ni yuleyule na onyo ni lilelile. Katika mfano wa wakulima waliokodishwa shamba la mizabibu, mtumwa anatumwa kuchukua sehemu ya mwenye shamba: Marko 12:2 ni wingi, Luka 20:10 ni umoja. Ufunuo 22:2 ndio unaomaliza ubishi, maana mti wa uzima unazaa *karpous* kumi na mbili, kisha sentensi hiyohiyo inasema hutoa *karpon* yake kila mwezi. Wingi na umoja vimekaa ndani ya mstari mmoja, na mwandishi hakuona shida.

Ukimfuata Paulo mwenyewe utaona umoja ni desturi yake. Katika 1 Wakorintho 9:7 anauliza ni nani apandaye mizabibu asiyekula katika matunda yake. Kigiriki ni umoja, ingawa shamba zima lina vishada visivyohesabika. Katika barua zote zenye jina lake, wingi wa karpos unatokea mahali pamoja tu, 2 Timotheo 2:6, pale mkulima anapotajwa kuwa wa kwanza kupata fungu. Mtu ambaye karibu kila mara huandika umoja hawezi kusemwa kwamba ameficha fundisho zito ndani ya umoja mmoja.

Hoja yenye uzito iko mistari mitatu nyuma. Katika 5:19 Paulo ametaja "matendo ya mwili", *ta erga tēs sarkos*, kwa wingi, akayamwaga: uasherati, ibada ya sanamu, uchawi, ugomvi, wivu, ulevi. Mtu anaweza kuwa mlevi bila kuwa mchawi. Akifika kwa Roho habadilishi hesabu tu, anabadilisha jina la kitu pia. Upande mmoja ni kazi za kufanywa, upande wa pili ni kinachoota. Ukitaka kufundisha umoja wa mambo yale tisa, jenga juu ya tofauti hiyo, usijenge juu ya herufi za mwisho za neno moja.

Basi watoto wakariri "tunda la Roho" ikiwa wanatumia Union Version, na mtoto ajaye na Habari Njema asirudishwe. Wa kusahihishwa ni yule anayejigawia: "Mimi nimepewa furaha, upole si wangu." Mgawanyo wa namna hiyo ni wa karama, 1 Wakorintho 12, ambako Paulo anasema wazi kwamba huyu hupewa hili na yule lile. Kwa tunda hakusema hivyo popote.

Tumsifu Yesu Kristo. Katekisimu yetu inataja matunda kumi na mawili ya Roho Mtakatifu. Ndugu zetu wa makanisa mengine wanatucheka kwamba tumeongeza matatu. Yametoka wapi?
*Katekista, Malindi mjini*

Milele, amina. Yametoka katika Biblia ya Kilatini, Vulgata, ambayo Kanisa la Magharibi liliisoma kwa karne nyingi. Katekisimu, namba 1832, inafuata orodha hiyo. Kigiriki kina majina tisa katika Wagalatia 5:22-23. Kilatini kilichoenea kina kumi na mawili, na ukiyapanga sambamba unaona mahali ambapo neno moja la Kigiriki limepata wenzi wawili. *Makrothymia*, ule uvumilivu wa kutokasirika upesi, imesimamiwa na *patientia* pamoja na *longanimitas*. *Prautēs*, upole, imepata *mansuetudo* na *modestia*. *Enkrateia*, kiasi au kujizuia, imepata *continentia* na *castitas*. Hilo la mwisho lina mizizi hata katika Kigiriki: nakala chache za kale zinaongeza *hagneia*, usafi, baada ya *enkrateia*.

Wanaowacheka wasome mstari wa 23 hadi mwisho: "juu ya mambo kama hayo hakuna sheria." Mtu aandikaye "kama hayo" hajafunga orodha. Katika Waefeso 5:9, ambako Union Version inasema "tunda la nuru", karpos ileile inafafanuliwa kwa mambo matatu tu: wema, haki na kweli. Hatujasikia anayelalamika kwamba pale pamepunguzwa sita.

Mimi ni mweka hazina wa kanisa. Kuna mafundisho kwamba "tunda" katika barua za Paulo ni pesa, na kwamba anayetoa huandikiwa faida kwake. Ni kweli au ni maneno ya wachangishaji?
*Mweka hazina, Watamu*

Nusu yake ni kweli, na ndiyo inayofanya nusu ya pili iuzike.

Warumi 15:28 inahusu pesa bila shaka yoyote. Makanisa ya Makedonia na Akaya yamechanga kwa ajili ya maskini walioko Yerusalemu (mstari wa 26), na Paulo anasema atawatilia muhuri "tunda hilo" kabla ya kushika njia ya Spania. Kitenzi *sphragizō*, kutia muhuri, kilikuwa cha kawaida katika biashara: mzigo wa nafaka hupigwa muhuri ili mpokeaji ajue haukuguswa njiani. Paulo anajitaja kama mtu aliyekabidhiwa mali ya wengine na atakayeifikisha salama. Mweka hazina ataielewa lugha hiyo kuliko mhubiri.

Wafilipi 4:17 ni jambo tofauti, na hapa ndipo watu huchanganya. Paulo ametumia maneno mawili: *doma*, "kipawa", yaani kile walichompelekea, na *karpos*, "mazao yanayozidi kuwa mengi, katika hesabu yenu". Pesa ni doma. Karpos ni kinachowafuata watoaji. "Katika hesabu yenu" ni *eis logon hymōn*, lugha ya daftari, na mstari wa 18 unaanza na *apechō*, neno lililokuwa likiandikwa kwenye stakabadhi za malipo za zama zile: nimepokea, deni limekwisha. Kwa hiyo ni kweli kwamba Paulo anaongea kihasibu. Lakini sentensi inaanza kwa "Si kwamba nakitamani kile kipawa". Mpokeaji anakana kwamba anavizia pesa. Hataji kiwango, hataji muda wa kurudishiwa, wala hasemi faida hiyo itakuja kwa fedha. Mchangishaji akiusoma mstari wa 17, mwombe aanze na maneno yake matano ya kwanza.

Mzee wa kanisa ninayejishughulisha na uvuvi. Mathayo 7:17 inasema "mti mwovu huzaa matunda mabaya". Mti unawezaje kuwa mwovu? Na hayo matunda ya manabii wa uongo ni yapi hasa?
*Mzee wa kanisa, Mayungu*

Swali la kwanza, mzee wetu, majibu yake yako kwenye kazi yako. Neno lililotafsiriwa "mwovu" ni *sapron*. Kamusi nyingi zitakuambia "lililooza", na wahubiri hukimbilia picha ya mti uliooza shina. Lakini neno hilohilo liko katika Mathayo 13:48, katika mfano wa juya: wavuvi wanaketi pwani, samaki wema wanawatia vyomboni, na *ta sapra* wanawatupa. Samaki hao wametoka majini saa hiyohiyo, hawajaoza. Ni wa aina isiyofaa kuliwa wala kuuzwa. Vivyo hivyo *sapron dendron* ni mti wa aina isiyofaa, hata kama majani yake yamesitawi na shina limenona. Ndiyo maana Yesu anatanguliza miiba na mibaruti: mimea yenye afya kamili, ila hutachuma kwake zabibu wala tini.

Kuhusu swali la pili, wengi husoma 7:20, "mtawatambua kwa matunda yao", wakaufunga ukurasa. Endelea hadi wa 23. Wanasimama watu wanaosema wametabiri, wametoa pepo na kufanya miujiza mingi, na wanaambiwa "Sikuwajua ninyi kamwe". Kwa hiyo katika fungu hili miujiza haihesabiwi kuwa karpos. Wala ukubwa wa mkutano hautajwi. Kinachotajwa katika mstari wa 21 ni kufanya mapenzi ya Baba.

Kuna kipimo kingine ambacho hutumiwa mara chache, nacho ni maneno. Mathayo 12:33 inarudia kwamba mti hutambulikana kwa matunda yake, na mistari inayofuata yote ni juu ya kinywa: kila neno lisilo maana litatolewa hesabu. Luka 6:44-45 nayo inaunganisha tunda na kinywa kinenacho yaujazayo moyo. Mwenye kutukana, kudanganya na kutisha watu madhabahuni ameshaonyesha zao lake, hata kama kipaza sauti kinawafikia watu elfu.

Nina miembe. Katika Yohana 15:2 Bwana anasema tawi lisilozaa huliondoa, lizaalo hulisafisha. Nimesikia fundisho kwamba "huliondoa" kwa Kigiriki ni "huliinua", yaani mkulima hulinyanyua tawi lililolala chini lipate jua. Lipi sahihi? Na je, kupogoa huku ni kama tunavyopogoa miembe?
*Mkulima, Marafa*

Kitenzi ni *airei*, na ni kweli kina maana zote mbili. Katika Yohana 8:59 watu wanaokota mawe, ndiko kuinua. Katika Yohana 11:39 Yesu anasema "Liondoeni jiwe", na katika 1:29 Mwana-kondoo anaiondoa dhambi ya ulimwengu. Kitenzi ni hichohicho. Kamusi peke yake haitaamua, jirani ndiye aamuaye. Mstari wa 6 unasema asiyekaa ndani yake hutupwa nje kama tawi, hunyauka, hukusanywa na kutiwa motoni. "Huliondoa" ndiyo sahihi. Tena mwandishi amecheza na sauti: *airei* kwa tawi lisilozaa, *kathairei* kwa lizaalo, kisha mstari wa 3 *katharoi*, "mmekuwa safi". Ukiweka "huinua" fundisho linakuwa laini, lakini mstari wa 6 unabaki bila mlango wa kuingilia.

Jambo jingine la kuangalia katika mlango huo: Kigiriki cha mstari wa 2 kina karpos mara tatu, na Kiswahili hakina hata moja. "Lisilozaa", "lizaalo", "lizidi kuzaa": kitenzi kuzaa kimeimeza. Si kosa, kwa kuwa kwetu mti huzaa na mtu huzaa, hatuhitaji kuongeza "tunda". Ila anayehesabu kwa kutumia Kiswahili peke yake atapata hesabu pungufu. Kutoka mstari wa 1 hadi wa 16 karpos imo mara nane, zote umoja.

Sasa miembe yako. Tafadhali usiipogoe kwa kufuata Yohana 15. Mzabibu huzaa juu ya chipukizi jipya la msimu huo lililotoka kwenye tawi la mwaka uliopita, na usipokatwa kwa ukali unajaza majani na kamba, vishada vikawa vichache na vidogo. Mwembe hutoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokwisha kukomaa. Ukikata ncha hizo karibu na wakati wa maua umekata embe zako mwenyewe. Mwembe hupogolewa mara tu mavuno yanapokwisha, ili machipukizi mapya yapate miezi ya kukomaa kabla ya msimu ujao. Matawi makavu, yenye magonjwa na yanayosongamana katikati ndiyo ya kwanza kutoka. Mfano wa Bwana ulikuwa kwa wakulima wa mizabibu.

Assalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu, nasoma safu yenu kwa sababu ya lugha. Rafiki zangu Wakristo wanasema Adamu na Hawa walikula epo. Vitabu vyenu vinasema hivyo?
*Msomaji, Lamu*

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Havisemi. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Mwanzo 3 inasema *karpos* ya mti, basi; Kiebrania nacho kinasema *peri*, tunda, bila kulitaja jina. Mmea pekee unaotajwa kwa jina lake katika tukio hilo ni mtini, na unatajwa kwa majani yake waliyojishonea nguo (3:7). Epo lina uhusiano na wachoraji wa Ulaya na Kilatini, ambako *malum* ni "ovu" na *mālum* ni tufaha, yaani epo, maneno yanayopishana kwa urefu wa irabu moja. Qur'ani nayo, kama unavyojua kuliko sisi, inasema "mti huu" (2:35) na haiendelei zaidi. Ya mitaani kwamba "kula tunda" ni jambo la chumbani hayamo katika maandiko ya upande wowote.

Waebrania 13:15 inasema "tunda la midomo". Sisi wanakwaya tunaweza kuuchukua mstari huu kuwa ni wetu?
*Kiongozi wa kwaya, Malindi*

Chukueni, lakini msiufungie kabatini. Mstari wenyewe unaeleza: ni "tunda la midomo iliungamayo jina lake". Kitenzi ni *homologeō*, kukiri waziwazi, na mtu hukiri akiimba, akisali au akihojiwa na wanaomtisha. Mstari wa 16 unaongeza kutenda mema na kushirikiana, na dhabihu hizo zimewekwa pamoja.

Msemo umetoka Hosea 14:2. Ukifungua Union Version hapo utakuta ng'ombe, si tunda. Maandishi ya Kiebrania tuliyo nayo yanasomeka *parim*, ng'ombe dume. Watafsiri wa Kigiriki wa kale waliliona *peri*, tunda. Konsonanti zinapishana kwa herufi moja ya mwisho. Mwandishi wa Waebrania alikuwa akisoma Biblia ya Kigiriki.

Nasoma chuo cha Biblia. Je, kuna mahali ambapo karpos imo lakini Kiswahili hakisemi "tunda"? Na nikitafuta kwenye programu ya simu, mara naambiwa karpon ni umoja, mara ni wingi, mara karpos ni kifundo cha mkono. Nimechanganyikiwa.
*Mwanafunzi, Malindi*

Yako mahali mengi, na kwa maoni yetu ndiyo sababu hasa ya msomaji wa Kiswahili kupoteza uzi. Karpos imo katika Agano Jipya zaidi ya mara 60, na watafsiri wetu, kwa kuwa Kiswahili ni tajiri hapa, wamelivalisha nguo nyingi. Luka 1:42, na kutoka hapo sala ya Salamu Maria, ni "mzao wa tumbo lako". Matendo 2:30 ni "uzao wa viuno vyake". Luka 12:17, tajiri asiye na pa kuweka "mavuno yangu", ni karpos, na mstari unaofuata unaonyesha yalikuwa nafaka. Yakobo 5:7 mkulima hungoja "mazao ya nchi". Warumi 6:21-22 ni "faida": mlipata faida gani kwa mambo mnayoyatahayarikia sasa? Kila neno limefaa mahali pake. Hakuna anayesema mtoto ni tunda wala gunia la ngano ni matunda. Lakini Mgiriki alisikia neno moja kote huko: kile kinachotoka mwishoni katika kitu chenye uhai au katika kazi.

Kinyume chake pia kipo. "Uzao wa mzabibu" wa Marko 14:25 si karpos, ni *genēma*. Matunda ya Babeli katika Ufunuo 18:14 ni *opōra*, matunda ya msimu wa mwisho wa kiangazi. "Limbuko" la 1 Wakorintho 15:20 ni *aparchē*. "Mapooza" ya mtini katika Ufunuo 6:13 ni *olynthos*, tini zisizoiva zinazodondoka kwa upepo.

Ili usipotee, usitafute kwa neno la Kiswahili, tafuta kwa namba za Strong, yaani namba ambayo kila neno la Kigiriki la Agano Jipya limepewa, ambazo programu nyingi za Biblia zinazo. Karpos ni 2590. Kitenzi *karpophoreō*, kuzaa matunda, ni 2592. *Akarpos*, asiyezaa, ni 175, na ndilo lililomo katika 1 Wakorintho 14:14 ambako akili "hazina matunda". Ukiruka hizi mbili za mwisho, mfano wa mpanzi wa Mathayo 13 utakukatikia: mbegu zilizosongwa na miiba ni akarpos (mstari wa 22), za udongo mzuri ni karpophoreō (wa 23), na karpos yenyewe iko katika mstari wa 8.

Tatizo la karpon ni la herufi za Kilatini. Kigiriki kina o mbili: fupi ο na ndefu ω. Καρπόν yenye ο ni umoja, ikiwa mtendwa wa kitenzi. Καρπῶν yenye ω ni wingi, "ya matunda" au "kutoka katika matunda". Programu ikiandika zote "karpon" bila alama juu, umeingia mtegoni. Tazama kwanza kibainishi kilichotangulia: *ton* ya ο fupi ni umoja, *tōn* ya ω ni wingi, kama *apo tōn karpōn* ya Mathayo 7:16. Kibainishi kisipokuwepo, tazama kivumishi: *karpon axion* ya Mathayo 3:8 ni umoja, *karpous axious* ya Luka 3:8 ni wingi. Angalia pia *kairos*, majira, ambalo jicho lililochoka hulisoma karpos. Mathayo 21:34 ina yote mawili bega kwa bega.

Mkazo nao una kazi. Neno ni kar-PÓS, mkazo mwishoni. Sisi Waswahili, kwa mazoea ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, husema KÁR-pos, na huyo ni mtu: Karpo wa Troa ambaye Paulo aliacha joho kwake (2 Timotheo 4:13), namba 2591.

Utasoma pia kwamba karpos imetoka katika mzizi wenye maana ya kuchuma. Ni kweli, na kwa watu wa pwani wanaosema kutunda maembe inapendeza kuona lugha mbili zisizo na udugu zimepita njia moja. Usijenge fundisho juu yake: ngano hukatwa kwa mundu na mtoto hachumwi, na yote mawili ni karpos.

Kuhusu kifundo cha mkono, Kigiriki kina karpos ya pili inayoandikwa sawasawa na hii, yenye asili yake mbali. Madaktari ndio walioirithi. Agano Jipya halitumii maana hiyo hata mara moja.